Tangi Linasema Hivi, Chesisi Inasema Vile

Ukitaka kujua pikipiki yako imetengenezwa na nani, usisome tangi. Tangi ni la mfanyabiashara. Piga goti karibu na usukani, futa vumbi na grisi kwenye shingo ya fremu, utakuta herufi na tarakimu 17 zimegongwa kwenye chuma. Hiyo ndiyo chesisi namba, ile iliyoandikwa kwenye kadi, ambayo wengi wetu hatuitazami tena mpaka siku ya kuuza au siku ya kusimamishwa barabarani. Ikianza na L, chombo kimetoka China. MD2 ni Bajaj ya India, wenye Boxer, na MD6 ni TVS. Kwa Wachina, LZS ni Zongshen, LF3 ni Lifan, LLC ni Loncin, LBB ni Qianjiang, LXY ni Shineray. Herufi ya kumi ndiyo mwaka: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023. Herufi ya O wameiruka, pamoja na I na Q, zisije zikachanganywa na 0 na 1.

Kazi hii ya kupiga magoti nimeifanya zaidi ya inavyomfaa mtu mzima aliyevaa kanzu. Hapa Wete, Pemba, siku ya Ijumaa, baada ya swala, maringi mawili, yaani pikipiki, husimama safu nzima nje ya msikiti, na majina kwenye matangi ni ya kila aina: SanLG, Fekon, Haojue, Boxer, na mengine ambayo hata mwenye chombo hajui yanasomekaje. Nimeshawahi kukuta vyombo viwili vyenye majina mbali mbali, rangi mbali mbali, vilivyonunuliwa maduka mbali mbali, na chesisi zao zinaanza na herufi tatu zile zile. Ndugu wa tumbo moja, kila mmoja kapewa jina na baba wa kambo.

Mambo yanakwenda hivi. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au wa Unguja anafunga safari ya Guangzhou, mara nyingi wakati wa maonyesho ya Canton, ambayo yapo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba. Anakutana na kiwanda, au na wakala wa kiwanda, mwenye pikipiki ya cc 125 na ya cc 150 zilizokwisha kusanifiwa zamani. Yeye anachagua tu: rimu za spoku au za aloi, taa ya duara au ya pembe, keria fupi au ndefu, nyekundu au bluu. Mwisho anaulizwa jina. Akiwa nalo, wataliandika. Akiwa hana, wanayo ya kumpa. Vyombo vinapakiwa kwenye makasha vikiwa nusu vimefungwa, ringi ya mbele pembeni na usukani umelazwa, na anayevimalizia ni fundi wa dukani huku kwetu.

Ndiyo maana jina la pikipiki linaweza kuvuma misimu miwili mitatu, halafu usilisikie tena. Kiwanda hakikufa. Labda mwagizaji kaishiwa mtaji, au kagombana na wakala wake, au kaona jina jengine linauza zaidi. Kiwanda kinaendelea kutengeneza chombo kile kile na kukipaka jina la mteja wa pili.

Kwetu Visiwani kuna jambo jengine ambalo watu wa Bara huwa hawalijui. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, haina kinga Zanzibar. Sisi tuna sheria yetu ya mali za viwandani ya mwaka 2008 na usajili wetu kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Mwenye jina anayetaka kulindwa pande zote mbili za maji hana budi kusajili mara mbili. Chombo kinavuka bahari kwa boti au kwa jahazi la Tanga bila taabu, lakini haki ya jina lake haivuki nacho.

Mpwa wangu alikuja kunitaka ushauri kabla ya msimu wa karafuu. Alikuwa kaweka akiba, anataka chombo cha kubebea abiria asubuhi na magunia jioni. "Mjomba, ninunue ipi?" Akanitajia majina kama anayetaja timu za mpira. Nikamwambia twende kwa fundi kwanza.

Fundi ninayemwamini yupo upande wa Limbani. Ukimpelekea pikipiki hakuulizi jina. Anauliza kitu kimoja: "Ya vijiti au ya cheni?" Mpwa wangu akamtazama. Fundi akacheka, akamwambia, "Mwanangu, hayo majina unayonitajia ni ya dukani. Mimi nafungua injini."

Injini ya vijiti asili yake ni Honda CG125. Honda waliitoa mwaka 1976, baada ya kuwatuma wahandisi wao wakaangalie jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zenye barabara na maisha kama yetu. Waliyoyakuta huko ndiyo tunayoyaona Pemba kila siku. Chombo cha watu wawili kinapakia watatu na gunia. Oili haibadilishwi mpaka iwe nyeusi tii. Cheni haipakwi kitu. Pikipiki nyingi za Honda za wakati ule zilikuwa na kemu, ile shafti ya kufungulia valvu, juu ya silinda, ikizungushwa na cheni ndogo ya taimingi, na cheni hiyo ikilegea kwa oili mbovu injini huanza kupiga kelele na valvu hufunguka wakati si wake. Basi wahandisi wakarudi nyuma kwa makusudi. Waliishusha kemu chini, karibu na krankishafti, wakaizungusha kwa gia, na kazi ya kufungua valvu wakaipa vijiti viwili virefu vinavyopanda ubavuni mwa silinda. Kemu yenyewe ina nundu moja tu, inayohudumia valvu zote mbili. Injini ya namna hiyo haina mbio za kujisifia. Lakini hakuna cheni ya taimingi ya kulegea, na tapeti zake anaweza kuziseti mtu mwenye spana na bisibisi chini ya mwembe.

Hiyo ndiyo injini waliyoipenda Wachina. Pistoni ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wake, juu na chini, ni milimita 49.5. Wakaitanua silinda mpaka 62, mwendo wakauacha vile vile, wakapata 150. Ukienda Konde au Kengeja ukaona pikipiki inakata kilima na mikungu ya ndizi huku na huku, uwezekano ni mkubwa kwamba unasikiliza hesabu ya Kijapani ya mwaka 1976 iliyoongezwa milimita tano na nusu Chongqing.

Na hapa Wachina walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ni la akili kuliko tangazo lolote. Wakati matangi yana majina elfu, injini zao zimeandikwa kwa lugha moja. Angalia ubavuni mwa injini, chini ya silinda. Utakuta mfano 162FMJ. Ile 1 ni silinda moja. 62 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita. F maana yake inapozwa na upepo. M ni pikipiki. J ni daraja la 150; ingekuwa I ni 125, H ni 110, L ni 200. Kwa hiyo 156FMI mara nyingi ni CG125 yenyewe, na 157QMJ ni injini ya skuta ya 150, ile Q ikieleza kwamba ina feni ya kuipoza. Kiwanda chochote, jina lolote, herufi ni zile zile. Fundi wa Limbani hajui neno moja la Kichina na anazisoma kuliko mimi ninavyosoma barua ya benki.

Faida yake unaiona kwenye duka la spea. Pale Chake, au Darajani Unguja, hukuti rafu ya spea za kila jina. Kuna rafu ya 125 na rafu ya 150, basi. Pistoni na ringi zake, gasketi, sahani za klachi, vijiti, kabureta, CDI, koili. Ukitaja jina la pikipiki yako muuzaji atakuuliza, "CG?" na akishajibiwa kazi imekwisha.

Kuna inayojitenga kidogo na habari hii, nayo ni Haojue ya Jiangmen, mkoa wa Guangdong. Wao walishirikiana na Suzuki tangu miaka ya 1990, wakajifunza kupitia GN125 iliyotoka 1982, yenye kemu juu na cheni. Kwa fundi hiyo ndiyo "ya cheni". Haojue walikuja Afrika na jina lao wenyewe na wakalishikilia. Si bahati mbaya kwamba ni moja katika majina machache ya China ambayo watu huyataja bila kuongeza "ile ya Mchina".

Chongqing inastahili kusemwa, maana ndiko ulikoanzia mchezo huu wa majina. Ni jiji la milima kando ya mto Yangtze, mbali na bahari, lililojaa viwanda vya silaha. Hofu ya vita ilipopungua, viwanda hivyo vikatafutiwa kazi ya kiraia. Jialing wakaanza pikipiki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakashika mkono wa Honda. Jianshe wakashika wa Yamaha. Pembeni yao wakaota watengenezaji wadogo wa spea: huyu kabureta, yule krankishafti, mwengine madigadi tu. Kwa kuwa wote walikuwa wanatengeneza vitu vya pikipiki zile zile chache za Kijapani, kitu cha huyu kilikaa kwenye chombo cha yule. Hapo mtu asiye na kiwanda kikubwa angeweza kununua vipande kwa majirani na kufunga pikipiki nzima. Mwaka 1992 waliingia wawili ambao majina yao yalikuja kufika mbali. Zuo Zongshen alikuwa fundi wa pikipiki, akaipa kampuni jina lake mwenyewe. Yin Mingshan alikuwa amevuka miaka 50, aliwahi kufungwa kwa siasa, akaanza na watu tisa. Kampuni yake ndiyo Lifan, yenye alama ya matanga matatu. Sisi watu wa majahazi tungeipenda alama hiyo kama tungeitazama vizuri, lakini ni nani anayetazama?

Lifan hawakuanza na jina hilo. Walianza kama Hongda. Lisome kwa sauti. Honda nao walilisoma kwa sauti, wakaenda mahakamani, na mwaka 2004 mahakama ya Beijing ikaamua Lifan waache kuuza pikipiki kwa alama hiyo na walipe fidia. Wakati huo lakini Lifan ilishakuwa kampuni kubwa ya kuuza nje, na soko lililowakuza lilikuwa Vietnam.

Habari ya Vietnam ingefaa isomwe na kila mwagizaji wetu. Kuanzia mwaka 1999 hivi, pikipiki za Chongqing ziliingia Vietnam kwa wingi, nyingi zikiwa na sura ya Honda Dream na bei isiyofika nusu ya bei yake. Watu ambao hawakuwahi kuota kumiliki chombo wakamiliki. Honda wakatetereka kweli. Lakini viwanda vya China vilikuwa vinapigana wenyewe kwa wenyewe kwa bei, kila mmoja akipunguza chuma hapa na nati pale ili aweze kushusha tena. Mwaka 2002 Honda wakatoa Wave Alpha kwa bei iliyoshushwa sana, tena wakitumia baadhi ya spea zilizotengenezwa China kwa usimamizi wao. Soko likarudi kwao. Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale vyote viwili vilijitembeza, na mnunuzi akachagua kile ambacho angejua mwakani atamlaumu nani.

Waliofukuzwa Vietnam walikuwa na haja kubwa ya masoko mengine, na nyumbani kwao milango ilikuwa inafungwa pia. Miji mikubwa ya China ilizidi kuzuia pikipiki za injini. Guangzhou yenyewe, mji unaotuuzia, ilizipiga marufuku mjini kuanzia Januari 2007. Afrika Mashariki ikafunguka wakati huo huo. Ndio wakati bodaboda ilipotapakaa.

Narudi kwa mpwa wangu. Alinunua. Jina la chombo silitaji, maana kosa si la kampuni moja. Injini ya vijiti, 150, chuma kizuri, na kwenye karafuu ilifanya kazi mpaka nikaionea huruma. Iliyomshinda haikuwa injini. Ilikuwa kava la taa. Aliangusha chombo siku ya mvua, njia ya udongo mwekundu, taa ikapasuka pamoja na kava lake na spidomita. Akaenda dukani alikonunulia. Jina lile hawaagizi tena. Akaenda Chake, akapiga simu Unguja, mtu akamtafutia mpaka Kariakoo ya Dar es Salaam. Pistoni ya injini yake angeipata hata kijijini. Kava la taa hakulipata popote.

Hapo ndipo nilipolielewa suala hili lote. Jina la pikipiki ya Kichina linakaa kwenye plastiki. Injini ni ya wote, fremu ni ya wote, breki na shokapu na spoketi ni za wote. Kinachoitofautisha hii na ile ni umbo la tangi, makava ya pembeni, taa, mkia, switchi, na stika. Hivyo ndivyo vinavyoungua kwa jua la Pemba, vinavyokatika kwa miti ya karafuu, vinavyopasuka ukianguka, na ndivyo visivyokuja tena mwagizaji akibadilisha jina. Baada ya miaka michache chombo kinabaki na taa ya duara ya kununua, spidomita haipo, makava yamefungwa kwa waya, na tangi limepigwa rangi mtaani. Ukimuuliza mwenyewe ni pikipiki gani atakwambia ni CG. Jina limekufa, Honda ya 1976 imebaki. (Wengine huenda mbali zaidi: bawa la Honda linauzwa kama stika kwenye maduka ya spea, na limebandikwa kwenye matangi ambayo Honda yenyewe haijawahi kuyaona.)

Wahindi walikwenda njia nyengine, na nadhani ndiyo maana Boxer na TVS zimeshika sana Afrika Mashariki. Boxer ni Boxer. Ukinunua leo na ukanunua baada ya miaka mitano, kava la taa linakuja kwenye mfuko wenye jina lile lile, kwa wakala anayejulikana. Bei ya mwanzo ni kubwa kuliko ya Mchina, na watu wanalalamika, na bado wananunua. Kwa dereva wa bodaboda, chombo kilichosimama siku tatu kusubiri kitu kidogo ni siku tatu za kutopeleka hesabu kwa tajiri. Wachina walitengeneza injini isiyoweza kukosa spea na pikipiki inayoweza. Wahindi waliuza vyote viwili chini ya jina moja, na jina hilo likapata thamani kwa njia ya kawaida kabisa, ya kujibu mtu anapokuja kulalamika.

Mtu anaweza kusema Wachina hawajui kujenga jina. Si kweli. Angalia wanavyofanya Ulaya. Mwaka 2005 Qianjiang ya Wenling iliinunua Benelli, kampuni ya Kiitaliano ya tangu 1911. Shineray wakachukua jina la SWM, nalo la Italia. Moto Morini, iliyoanza Bologna mwaka 1937, iliingia mikononi mwa Zhongneng mwaka 2018. Loncin walitengeneza injini za BMW za F 750 GS na F 850 GS, na pikipiki zao wenyewe za daraja la juu wakaziita Voge. Qianjiang ndio waliomtengenezea Harley-Davidson ile X350 iliyotoka 2023. CFMoto ya Hangzhou ilifanya kazi na KTM kwa miaka, na sasa inauza kwa jina lake bila kujificha. Ukitazama vizuri utaona kwa wengi wao ni tabia ile ile: chombo kimoja, jina la mtu mwengine juu ya tangi. Tofauti ni kwamba Mzungu anauziwa jina la babu yake, na sisi tunauziwa jina la mwenye kontena. Mimi hili la pili linaniudhi zaidi, kwa sababu jina la Benelli lina mtu wa kulijibia, hata kama mtu huyo yupo Wenling.

Zhongneng inatuhusu kwa njia nyengine pia. Zanzibar ni kisiwa cha Vespa. Wazee wetu walizipanda kwenda kazini na skuli, na Mji Mkongwe bila mlio wake na moshi wake wa oili iliyochanganywa na petroli usingekuwa ule. Siku hizi skuta nyingi mpya zenye kiuno na mgongo wa Vespa ni za Kichina, na ndani yake mara nyingi kuna injini ya aina ya GY6, ambayo kwa skuta ndiyo CG ya mambo yote: kila fundi anaijua, kila duka lina mkanda wake na roli zake. Piaggio, wenye Vespa, walivutana na Zhongneng mahakamani Ulaya kwa umbo hilo. Turin mwaka 2017 mahakama iliilinda sura ya Vespa. Luxembourg mwaka 2019, Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikataa ombi la Piaggio la kufuta usajili wa umbo la skuta moja ya Zhongneng, ikiona kwamba mnunuzi mwenye kujua angeitofautisha na Vespa. Ningependa majaji wale wapite Darajani saa kumi na moja jioni wajaribu kuzitofautisha.

Mpwa wangu alipata taa. Fundi alimtolea ya duara kutoka kwenye chombo kilichokufa, akaifunga kwa vipande vya bati alivyovikata mwenyewe, na inamulika vizuri kuliko ya kwanza. Ukiiona sasa huwezi kujua ilikuwa na jina gani. Abiria hawaulizi. Wanaouliza ni vijana wenzake wanaotaka kununua, na yeye huwaambia wamtafute fundi wa Limbani kwanza. Mafundi wa namna hiyo ndio waranti tuliyonayo, na hakuna kiwanda cha Chongqing kinachowalipa kwa kazi hiyo.

Ninachokifikiria siku hizi ni hizi za umeme. Zimeanza kuonekana Unguja, na China ndiyo inayozitengeneza kwa wingi kuliko nchi yoyote. Yadea ya Wuxi ipo tangu 2001, Niu ya Beijing tangu 2014. Hazina oili, hazina plagi, hazina kelele, na kwa kisiwa ambacho kila tone la petroli linakuja kwa meli zina maana kubwa. Lakini humo hakuna CG. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye chombo cha kampuni ile, chaja ina pini zake, kontrola, ile inayoongoza mota, ina programu yake, na betri ina kikompyuta ndani kinachoamua kama kitaongea na chaja uliyonunua mtaani au kitakataa. Hakuna msimbo mmoja ubavuni wa kumwambia fundi hii ni ipi. Nilimuuliza fundi wangu. Akafikiri, akasema, "Sheikh, hizo mimi nitabadilisha tairi na breki. Vilivyobaki, aliyeiuza awepo."

Jirani yangu mmoja anataka kumnunulia binti yake skuta ya umeme ya kwendea kazini Gombani. Kaonyeshwa picha, kaambiwa bei, kaambiwa inakwenda kilomita kadhaa kwa chaji moja. Nimemwambia aulize mambo mawili tu: kontrola ikiungua inapatikana kwa nani hapa Chake, na betri ya pili inauzwa peke yake au haiuzwi. Dukani wamemwambia watauliza Dar. Dar, inaonekana, nao wanauliza Guangzhou.